LORI LINAPOCHEMSHA: TUTAFUTE SABABU KABLA YA KUONGEZA MAJI

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei. Tangu hapo hadi mvua za vuli zinapokaribia, malori huwa barabarani yakisomba pamba kutoka maghala ya vyama vya msingi kwenda viwanda vya kuchambulia. Huo ndio wakati ambapo Makatibu wengi wa Geita na Shinyanga hupokea habari isiyopendeza kwamba lori limechemsha njiani. Habari hiyo ikija mara moja huonekana kuwa ni bahati mbaya. Ikija mara tatu ni gharama, na gharama hiyo mwisho wake humwangukia mwanachama, kwa kuwa matengenezo ya lori la chama hayalipwi kwa fedha nyingine ila zile zitokanazo na jasho lake.

Mkaguzi anapofungua jalada la hati za malipo la chama chenye lori, mara nyingi hukuta hati zinazofuatana kwa mpangilio uleule. Ya kwanza ni ya madumu ya maji na ujira wa vijana walioyachota. Ya pili ni ya mfuniko mpya wa rejeta. Ya tatu ni ya fundi aliyeondoa thamostati. Ya nne ni ya gasketi ya silinda hedi. Ya tano ni ya kusawazisha hedi iliyopinda. Ya mwisho, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni ya kufungua injini nzima kwa sababu imenoki. Kila hati ina sahihi, muhuri na stakabadhi, wala hakuna wizi ndani yake. Hata hivyo fedha zimepotea, kwa kuwa hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kwa nini joto halitoki?

Makala haya yanakusudia kuwasaidia Makatibu na wanachama kuuliza swali hilo mapema. Si lazima Katibu awe fundi. Lakini hapana budi ajue la kumwuliza fundi kabla hajatia sahihi.

JOTO LAENDA WAPI?

Dizeli inapoungua ndani ya injini, joto lake hugawanyika karibu mafungu matatu. Fungu moja hugeuka kuwa nguvu ya kuliendesha lori. La pili hutoka pamoja na moshi katika ekzosi. La tatu huingia katika chuma cha injini yenyewe. Fungu hili la tatu lisipoondolewa, chuma hutanuka kupita kiasi, mafuta ya kulainisha huwa mepesi mno, na pistoni hukwama ndani ya silinda. Kuliondoa ndiyo kazi ya maji.

Pampu huyasukuma maji yazunguke kandokando ya silinda na ndani ya hedi. Injini ikiwa baridi, kilango kidogo ambacho mafundi hukiita thamostati hubaki kimefungwa, ili injini ipate moto upesi. Maji yafikapo joto la kama nyuzi 82 hadi 88 za sentigredi, kwa kutegemea aina ya injini, kilango hicho huanza kufunguka na maji huenda kwenye rejeta. Humo hupita katika vijibomba vyembamba, feni huvuta hewa katikati ya vijibomba hivyo, joto hutoka, na maji yaliyopoa hurudi kwenye injini kuanza safari upya.

Yafaa ieleweke, basi, kwamba maji hayamalizi joto. Hulibeba tu, kama mchukuzi abebavyo robota la pamba. Anayelipokea joto ni hewa. Mchukuzi akifika ghalani akakuta mlango umefungwa, kuongeza wachukuzi wengine hakusaidii neno. Ndivyo ilivyo kwa dereva anayemwaga dumu baada ya dumu katika rejeta iliyoziba.

Mfuniko wa rejeta nao una kazi kubwa kuliko kuzuia maji yasimwagike. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi yetu ya Geita na Nyarugusu iko juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko huu maji yaliyo katika sufuria ya wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100 kama yachemkavyo pwani. Mfuniko mzima huyabana maji ndani ya rejeta, na kwa kubanwa huko kiwango cha kuchemka hupanda kwa zaidi ya nyuzi 10. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, faida hiyo yote hupotea. Dereva anayefunga mdomo wa rejeta kwa gunia na waya amejinyima nyuzi ambazo injini yake ilizihitaji mlimani.

SABABU ZILIZO ZA KAWAIDA KWETU

Uchunguzi uanze kwa jambo rahisi lisilo na gharama, uende hatua kwa hatua hadi lile la gharama kubwa. Mafundi wasio waangalifu huanzia mwisho.

Kwanza, nyuzi za pamba na vumbi. Jambo hili ni letu hasa sisi wa nchi ya pamba. Lori likipakiwa na kupakuliwa, nyuzi huruka na kuvutwa na feni hadi kwenye rejeta, zikajishikiza katikati ya vijibomba. Vumbi la barabara za changarawe hukaa juu ya nyuzi hizo, na likichanganyika na mafuta yanayovuja huwa kama lipu ya udongo. Rejeta huonekana safi kwa nje, kumbe nyuma yake, au kati yake na kipoozeo kingine kilichofungwa mbele yake, pamejaa blanketi. Ishara yake ni kwamba joto hupanda lori likiwa na mzigo au likipanda mlima, na hushuka likitembea bure. Dawa yake ni kupuliza upepo au maji ya nguvu ya wastani kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa. Asitumie mtu waya wala bisibisi, maana vijibomba hutoboka. Vyama vinavyofunga wavu mbele ya rejeta hufanya vema, ila wavu huo nao sharti usafishwe kila siku ya kusomba pamba; usiposafishwa unakuwa ndio kizuizi chenyewe.

Pili, maji yenyewe. Maji mengi ya visima yana chumvichumvi ambazo zikipata moto hujenga ukoko ndani, kama ule tuuonao katika birika la chai. Ukoko huo huzuia joto lisipite kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji. Maji ya madimbwi ya kuoshea mchanga wa dhahabu hayafai kabisa, kwa kuwa yana tope jembamba linalotuama katika vijibomba na kuviziba. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi na kuhifadhiwa kwenye pipa lenye mfuniko. Tena maji matupu hayatoshi. Dawa ya rejeta hudhaniwa na wengi kuwa ni ya nchi za barafu tu. Kumbe huzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Katika injini nyingi za malori ambazo slivu zake huguswa na maji moja kwa moja, dawa yenye viambato vinavyotakiwa huzikinga slivu zisiliwe na kutobolewa vishimo kutokea upande wa maji. Ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na aina mbili tofauti zisichanganywe pamoja.

Tatu, mkanda, feni na pampu. Mkanda ulegeao au uliolowa mafuta huteleza, na pampu na feni huzunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Injini ikiwa imezimwa, ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake: kwa kawaida usizame zaidi ya sentimita moja na nusu. Pampu inayovuja huacha alama ya maji chini ya ekseli yake. Malori mengi yana feni yenye klachi. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni hiyo ikizungushwa kwa mkono yapasa iwe nzito. Ikizunguka kwa wepesi kama pia, klachi yake imekufa.

Nne, mipira ya maji. Ikaguliwe kama imevimba, imepasuka au imekuwa laini kama embe bovu. Mpira unaonywea na kubanana injini inapopoa huonyesha kwamba kilango kidogo cha mfuniko, kile kinachorudisha maji kutoka chupa ya akiba, kimekwama.

Tano, thamostati. Hapa ndipo penye desturi mbaya kuliko zote, yaani kuiondoa na kuitupa. Fundi husema ya kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho. Sivyo. Injini isiyo na thamostati hukawia kupata moto, hutumia dizeli nyingi zaidi, na slivu zake huisha upesi. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na lori huchemsha zaidi kuliko kwanza. Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, moto uwashwe, na kipimajoto kiwekwe kando. Ikifunguka kwenye nyuzi zilizochongwa juu yake ni nzima. Maji yakichemka nayo imefumba, inunuliwe nyingine.

Sita, mzigo na uendeshaji. Pamba ni kubwa kwa umbo lakini si nzito sana. Msimu wa pamba ukiisha, malori hukodishwa kusomba viroba vya mawe ya dhahabu kupeleka kwenye makarasha. Kiroba cha mawe huweza kuwa na uzito mara kadhaa ya mfuko wa pamba wenye ukubwa huohuo. Dereva anayepakia kwa kuangalia ujazo badala ya uzito, kisha akapanda mlima kwa gia ya juu injini ikilalamika, hufanya injini itoe joto jingi huku feni na pampu vikizunguka polepole. Gia ya chini mapema ndiyo salama.

Saba, na ya mwisho, gasketi ya hedi. Injini ikiwa imepoa, mfuniko ufunguliwe, kisha injini iwashwe. Mapovu yakiendelea kutoka katika maji kila mafuta yanapokanyagwa, moshi wa silinda unapenya. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Lakini ikumbukwe kwamba gasketi huungua aghalabu kwa sababu injini ilichemsha kwa mojawapo ya sababu sita za kwanza. Kubadili gasketi na kuacha rejeta imeziba ni kununua gasketi nyingine ya mwezi ujao.

HITA YA KEBINI NI SHAHIDI

Malori mengi huja yakiwa na hita ya kupasha joto kebini. Kwetu madereva huidharau, na mara nyingi hukatwa na mipira yake kuzibwa. Dharau hiyo si sahihi. Usiku wa mvua kioo kikifanya ukungu kwa ndani, hewa ya moto ndiyo hukikausha. Tena lori likienda Njombe au Mufindi kufuata mbao mwezi wa Juni au Julai, baridi ya huko humfanya dereva ashindwe hata kushika usukani sawasawa.

Ila kuna faida nyingine kubwa zaidi. Hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya kebini, nayo hupokea maji yaleyale ya injini. Kwa hiyo humwambia dereva yaliyo ndani ya injini bila ya kufungua boneti. Mshale wa joto peke yake unaweza kudanganya: maji yakipungua hadi kifaa cha kupimia kikabaki katika mvuke, mshale huweza hata kushuka wakati injini inaungua. Hita ikiulizwa pamoja na mshale, ushahidi hukamilika. Madereva wafundishwe kusoma dalili hizi:

1. Mshale uko juu na hita inapuliza baridi: maji yamepungua, au kuna hewa ndani, au pampu haisukumi. Simamisha lori mara moja.

2. Mshale uko juu na hita inapuliza moto mkali: maji yapo na yanazunguka. Tazama rejeta, feni na thamostati.

3. Mshale uko chini na hita ni vuguvugu baada ya safari ndefu: thamostati imekwama wazi au imeondolewa.

4. Mshale uko sawa na hita ni baridi: shika mipira yake miwili. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, hita imeziba. Yote miwili ikiwa baridi, huenda bomba lake la kufungulia limefungwa.

5. Joto la hita huja na kutoweka: kuna hewa katika maji. Ikitolewa nayo ikarudi, pimeni gasketi ya hedi.

6. Kioo kinashika utando wenye harufu tamutamu, au sakafu ya kebini imelowa: hita inavuja. Maji yanayopungua bila kuonekana chini ya lori hupotelea humo.

Endapo hita imetoboka na kipuri hakijapatikana, mipira yake miwili iunganishwe kwa bomba la chuma na vibanio imara, maji yaendelee kupita. Kuchomeka vijiti vya mti katika midomo ya mipira ni kutega mtego. Kijiti kikichomoka safarini maji yote humwagika kwa dakika chache.

LIKICHEMSHA NJIANI

Mshale ukianza kupanda na maji bado yapo, dereva apunguze mwendo, ashike gia ya chini, afungue hita mpaka mwisho pamoja na feni yake, na madirisha yote yawe wazi. Ataona taabu ya joto, lakini joto analolihisi yeye limetoka katika injini. Tendo hili dogo mara nyingi hutosha kulifikisha lori kwenye kivuli.

Mvuke ukitoka, au maji yakiwa yamekwisha, au taa ya mafuta ya injini ikiwaka, azime injini papo hapo. Mfuniko wa rejeta usiguswe. Maji yaliyobanwa humo yana moto kuliko maji yachemkayo jikoni, na mfuniko ukifunguliwa hulipuka kuelekea usoni. Asubiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono, ndipo afungue kidogo kidogo kwa kitambaa kizito. Maji baridi yasimwagwe katika injini kavu iliyo ya moto, maana hedi na bloku hupasuka. Kuchelewa kwa nusu saa ni hasara ndogo sana ikilinganishwa na bei ya hedi.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Kwanza, kila lori liwe na daftari. Dereva aandike kila asubuhi kipimo cha maji kabla ya kuwasha injini, na kiasi alichoongeza. Lori zima haliongezwi maji kila siku. Daftari likionyesha lita mbili leo na lita mbili kesho, tatizo limejulikana kabla halijafika barabarani, na fundi ataitwa kuziba tundu badala ya kuitwa kufungua injini.

Pili, hati ya malipo ya matengenezo isipitishwe mpaka iwe na maneno mawili: dalili iliyoonekana, na sababu iliyopatikana. Hati isemayo tu "kubadili gasketi" haijaeleza sababu. Katibu amwulize fundi kwa heshima, "Ndugu fundi, hii iliungua kwa nini?" Fundi mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa hivyo. Kipuri cha zamani kirudishwe ofisini pamoja na stakabadhi.

Tatu, chama kinachokodi lori la mtu binafsi kisidhani kwamba habari hii haikihusu. Lori likikwama, pamba ya chama ndiyo inayobaki njiani, ikinyeshewa au kuporwa. Mkataba ueleze wazi ni nani atakayelipia kuhamisha mzigo na ni nani atakayelinda pamba usiku. Kabla ya kupakia, Katibu na atazame rejeta, mkanda na mipira. Ukaguzi huo hauchukui zaidi ya dakika kumi.

Nne, siku moja kabla ya msimu kufunguliwa itengwe kwa kuosha rejeta, kubadili maji na dawa, kupima thamostati na kukaza mkanda. Gharama yake iingizwe katika makisio ya mwaka, isije ikatafutwa kwa dharura wakati wakulima wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri.

Ndugu wanachama, katika mkutano mkuu mnayo haki ya kuhoji gharama za lori kama mnavyohoji uzito wa mizani. Hesabu za matengenezo zikisomwa, ulizeni ni mara ngapi lori lilichemsha katika msimu, na kila mara sababu ilikuwa nini. Chama kinachoweza kulijibu swali hilo kwa kufungua daftari lake, lori lake litasomba pamba ya msimu ujao pia.